Honi Uliyoniambia ni Yangu Peke Yangu

Baba Zuhura,

Huko uliko husomi barua, najua. Nakuandikia hivyo hivyo, maana nisipokusema wewe nitamsema nani? Mwandiko ni ule ule niliofundishwa shuleni Tosamaganga, uliokuwa ukiucheka kwamba naandika kama mtu anayeshona kanzu. Cheka tena, kama huko kunachekwa.

Kwanza habari za nyumbani. Nimetoka edani salama. Zuhura hajambo, ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Lori lako lilikaa uani muda wote wa eda, kuku wakalifanya nyumba yao, na jogoo akawa analala juu ya usukani. Sikumfukuza. Nilisema afadhali yupo mwanamume wa kuushika.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na tafadhali usijifanye umelala.

Mwenzangu wa Mbeya alikuja. Ndiyo, huyo huyo, mke wako mdogo, Mama Shabani. Alikaa eda kwake, chini ya mlima Loleza, kisha akaja kwa hitima yako na mazungumzo ya mirathi. Alikuja na kikapu cha mchele wa kwao Ubaruku, akanipigia goti mlangoni: "Kamwene, dada." Nikaitikia, ningefanyaje? Tulipoupika, mchele wake ulinukia mtaa mzima. Ndipo nikaelewa kwa nini ulikuwa ukila ugali wangu kwa adabu, kama mtu aliyeshiba alikotoka.

Tulikubaliana kwamba ndugu yako, shemeji Rajabu, ndiye aliendeshe lori, alishe watoto wa nyumba zote mbili. Akakwangua mavi ya kuku, akaazima betri, lori likawaka. Lakini alipobonyeza honi, kimya. Akasema bila honi hathubutu, njia ya Mbeya ina kona za kuficha gari zima. Akamwita Fundi Ambilikile, yule Mnyakyusa wako.

Hapo hapo nikamwambia shemeji, mbele ya wote: "Honi ikibadilishwa, ile ya zamani ni yangu. Mtu asiniulize."

Kwa nini, unajua wewe. Ukitoka Mbeya, ukishavuka mto pale Ipogolo ukaanza kupanda kuja mjini kwetu, ulikuwa ukipiga moja ndefu, mbili fupi. Mji mzima ulisikia gari; mimi nilisikia jina langu. Mwaka ule tulipooana uliniambia, umeegemea nguzo ya baraza, vumbi hadi kwenye kope: "Hiyo ni yako peke yako. Ukiisikia, bandika maji." Nami nikabandika. Baridi ya Juni, tumbo la Zuhura limenielemea, nilibandika. Hata tuliponuniana nilibandika, ila sabuni sikukuletea. Na niliposikia umeoa Mbeya nililia, weee, nililia, kisha nikajisemea: sawa, dini imeruhusu. Mchele ni wake, Loleza ni yake, honi ni yangu. Nimeishi kwa maneno hayo.

Basi fundi akafungua boneti. Sisi tulikuwa barazani, mimi upande huu, mwenzangu upande ule, ungo wa mchele katikati, tunachambua mawe. Fundi aliitafuta honi akaikuta nyuma ya rejeta, imejaa matope ya safari zako na manyoya ya kuku. Akaufuata waya wake kwa vidole hadi kwenye usukani, akasema kitufe kimelika na waya umegugunwa na panya. "Lakini honi yenyewe bado sijaihukumu." Akatoa nyaya mbili kwenye betri, akaigusisha honi moja kwa moja. Ikasema tik, basi. Akachukua bisibisi, akaigeuza skrubu ya nyuma kidogo, akagusa tena. Ikakwaruza kama mtu anayesafisha koo. Akageuza tena.

Ikalia. Na Ambilikile, aliyekuzoea wewe, mkono wake ukaenda wenyewe: moja ndefu, mbili fupi.

Baba Zuhura, nilisimama. Sikuwaza chochote, nilijikuta nimeshika sufuria la maji naelekea jikoni. Na jikoni nikamkuta mwenzangu keshafika, amepiga magoti mbele ya mafiga yangu, anapuliza moto.

Tukatazamana. Huko barazani ungo umepinduka, kuku wanakula mchele wa Ubaruku kama wamealikwa. Yeye ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini: "Na wewe, dada, alikuambia ubandike maji?"

Nikamjibu, "Aliniambia ni yangu peke yangu."

Akafumba macho. "Na mimi."

Yailahi! Mwanamume wewe! Hukuweza kubuni hata nyingine? Mbili ndefu, moja fupi, ingekupunguzia nini? Naona wivu, naandika wazi nisije nikajidanganya. Kugawana siku zako nilivumilia. Kugawana mfuko wako nilivumilia. Lakini kila nilipokuwa nikikaa hapa nasubiri, nikijua iko sauti moja duniani isiyomhusu mtu mwingine, kumbe na yeye kule anakurupuka na sufuria lake! Namwonea wivu kwa kila tone la maji alilokuchemshia.

Honi ile haikulia tena. Fundi aliihangaikia mpaka jasho likamtoka, kisha akasema bati la ndani limepasuka, imekwisha. Akafunga mpya, na waya mpya, na kitufe kipya. Akaijaribu. Inalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mimi nikaichukua ile kuukuu nikaikumbatia na matope yake yote, nikimtazama mwenzangu athubutu. Hakubisha. Alinitazama tu, akaenda kuongea neno na fundi, akarudi kuokota mchele. Nikasema moyoni, leo nimemshinda.

Kesho yake akaondoka na shemeji kwa lori. Nilitoka kumsindikiza, honi yako iko chini ya kitanda changu, moyo umetulia. Aliponipa mkono wa kwaheri nikaona ncha ya kanga yake imefungwa fundo. Akalifungua mwenyewe mbele yangu, hakuficha. Kitufe. Kile cha zamani. Katikati kina kishimo kidogo, laini, cha dole gumba lako.

"Mimi nilimwomba fundi hiki tu, dada," akasema. Kisha akapanda, shemeji akapiga honi, mbuzi akalia hadi Ipogolo.

Kwa nini sikufikiria kitufe? Honi hukuigusa, ilikaa mbele huko ikila matope. Kitufe ndicho ulichokishika, kila ulipokuja kwangu na kila ulipokwenda kwake. Mimi nimegombania koo, yeye ameondoka na kidole chako. Tangu siku ile honi iko pale pale chini ya kitanda, sijaitoa hata kuifuta.

Basi pumzika, Baba Zuhura, Mungu akulaze pema, ingawa umenikera. Ahadi yangu ni hii. Mvua zikiisha, barabara ikikauka, nitapanda lori lako niende Mbeya, na honi nimeipakata. Nitafika kwake na vumbi hadi kwenye kope, nimwambie abandike maji, nami nioge kwanza. Kisha nitamwomba kile kitufe nikiwekee dole gumba langu, mara moja tu, nimrudishie.

Akikataa, utatusikia huko huko uliko.

Mkeo mkubwa,
Mama Zuhura