Mpera Nilioukata Naviundu

Mama Rashel,

Nilikudanganya. Siku ile ukiwa mgonjwa kitandani uliniuliza, "Kabwe, mupera yetu iko muzima?" Nikajibu, "Iko muzima, Mama." Ukatabasamu. Wiki haikwisha, ukafariki. Mpera ule tulioupanda na watoto kando ya mto, nilikuwa nimeshaukata mimi mwenyewe, na magogo yake yalikuwa ndani ya tanuri langu la makala, mkaa wangu wa kuuza.

Niliona matembezi yetu ya Jumapili na watoto yamesimama tangu uugue, nikajiambia: nani atauliza? Ukauliza wewe! Hata homa haikukusahaulisha mti.

Unakumbuka tulivyokutana? Ulikuja hapa mtoni Naviundu na watoto wa sinagogi lenu, ukanikuta na shoka, na badala ya kunigombeza ukaniomba niwaonyeshe njia. Tangu hapo kila Jumapili mimi nilitangulia, wewe ukafuata na kofia yako kubwa. Uliwakalisha watoto chini, kimya kabisa, mpaka wasikie maji. Mimi mtu mzima nikanyamaza nao. Ulisema Myahudi hakati mti wa matunda, hata wakati wa vita, nami nikaitikia kwa sauti kuliko watoto wote. Aibu gani hii, Mama.

Familia zenu nyingi zimehama tangu serikali ilipochukua maduka yao. Kwenye matembezi wamebaki watoto wenu wawili. Wengine ni wa hapa mtaani, na wangu wamo. Bado nawapeleka. Mvua ya kwanza baada ya kukuzika, kisiki kilichipua. Nilipiga magoti matopeni nikalia kama mjinga.

Ulitufundisha kwamba matunda ya mti mchanga hayaliwi miaka mitatu, na kwamba mti uliokatwa mpaka chini huhesabiwa upya. Basi nikahesabu. Mwaka wa pili mti ulizaa, watoto wakanisumbua wakitaka kuchuma: "Baba Kabwe, leo njo tunakula?" Nikakataa. Wakaniona mchoyo, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuwaeleza kwa nini tunaanza upya.

Jumapili hii, mwaka wa nne, mapera yameiva. Kabla hawajachuma niliwaambia: "Mimi njo nilikata huu muti. Na nilimudanganya Mama Rashel." Nikadhani wataondoka. Kisha Ester, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni akichoka, akasema baraka yenu, akapasua pera, nusu akanipa mimi. "Kula, Baba." Nikala na mbegu zake zote. Mama, lilikuwa tamu!

Sasa umejua, nami nimetua mzigo. Shoka langu halitagusa tena mti wa matunda, hilo nakuahidi. Watoto nitawapeleka maadamu miguu inanibeba, na Ester akikua atatangulia yeye.

Kwa heri, Mama Rashel. Kama umekasirika, utanigombeza vizuri siku nitakapokuja huko. Leo naenda kulala, na nitalala fofofo.

Kabwe wako