Jibu la Nyuma ya Karatasi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Ilemela hatujambo. Goti la babu yako limepoa, juzi alitembea mwenyewe hadi kanisani.

Unasema wapiga kura unaowahoji huko Dodoma wanakujibu kukuridhisha tu. Nilipokuwa nasoma ualimu Butimba, tulitumwa ng'ambo ya ziwa, Kamanga, kuwauliza watu wangependa serikali ianze na nini. Mama mmoja alinijibu haraka, "Maji." Nikaandika, kisha nikamsaidia kubeba ndoo yake hadi nyumbani.

Tulipoitua akasema, "Nimesema maji kwa kuwa wote wamesema maji. Mimi nataka nesi asiyetukana wanawake wenye uchungu. Binti yangu aliogopa matusi, akajifungulia hapa ndani. Tulimzika."

Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Nikaliandika nyuma yake. Akaniomba nimsomee, nikamsomea mara mbili.

"Hapo sawa," akasema.

Sijui kama kuna mkubwa aliyeigeuza karatasi ile. Ila yule mama alinisindikiza hadi kwenye kivuko, akinisimulia habari za binti yake njia nzima.

Nakuombea kila siku.

Bibi yako,
Kabula