Upande wa Kushoto wa Picha za Mzee Chaki

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na cherehani inalia kama kawaida yake. Mwambie kitinda mimba kwamba habari za jino lake zimenifikia, na mjomba wake amefurahi kuliko mwenye jino. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho sielewi kimekuwaje.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini siku hizi hunioni gazetini, nikakujibu kwamba kazi zimenibana. Lile halikuwa jibu, nawe ulijua. Nimeona bora nikuandikie, maana kwa mdomo nitaanzia hapa niishie kule, na wewe una nguo za watu mezani.

Unanijua nilivyo mwepesi wa sifa. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema naweza kuusifia hata uji ulioungua. Tabia hiyo niliingia nayo kazini. Kila mchoraji kwangu alikuwa gwiji, kila picha haina kifani, kila maonyesho yalikuwa ya kihistoria. Mhariri wa kurasa za sanaa, mama mmoja mkavu tunayemwita Bi Mkasi akiwa hayupo, alivumilia wee, mwisho akaniita ofisini. Makala yangu ilikuwa mezani, imechanjwa kwa wino mwekundu hadi huruma. Akaniambia kwamba amesoma yote na bado hajui hiyo picha ina nini ndani yake: mtu, nyumba, au ng'ombe. Akasema makala ijayo nisiweke sifa hata moja. Niende nikatazame, kisha niandike nilichokiona, kwa namna ambayo hata mtu aliyelala kitandani hospitalini atakiona pia. Nilitoka mle nimenuna kama mtoto.

Makala hiyo ijayo ilikuwa ya maonyesho ya Mzee Chaki. Humjui, ni mchoraji wa siku nyingi, jina alilipata ujanani alipokuwa akichora kuta za watu kwa chaki na kukimbia. Mfikirie tu kama mzee mrefu, mpole, mwenye rangi kwenye kucha daima. Picha zake mpya zilikuwa zinazungumzwa mji mzima. Wenzangu wa magazeti mengine walikuwa wameshaandika kwamba amepata ujasiri mpya, kwamba ukimya wake unapiga kelele, na mambo kama hayo. Hata mimi yalikuwa yamenijaa kinywani tayari.

Lakini nilikatazwa, kwa hiyo nikaketi kwenye benchi la ukumbi nikatazama. Kulikuwa na picha ya kinyozi. Kulia kuna kioo, taulo limening'inia msumarini, chupa za mafuta zimepangwa kwa urefu, zote zimechorwa hadi kivuli. Katikati amesimama kinyozi. Mbele yake ameketi mteja, na huyo mteja ana jicho moja, sikio moja, nusu ya mdomo. Baada ya hapo ni kitambaa kitupu cha kuchorea. Hakuna mstari unaoonyesha mahali pa kukatia. Wembe wa kinyozi unanyoa kichwa ambacho nusu yake haipo. Nikaenda kwa picha ya pili, mama anafua: beseni lina ukingo upande wa kulia tu, maji yanaishia hewani. Ya tatu, vilevile. Chumba cha nyuma walikuwa wametundika picha zake za zamani, na zile zilijaa pande zote, hadi mende aliyejificha kushoto chini ya meza.

Niliandika hivyo hivyo. Nilisema kwamba katika picha mpya kitu hupungua kadiri unavyokwenda kushoto, na kwamba kadiri picha ilivyo ya karibuni ndivyo utupu unavyoanza mapema zaidi. Sikusema ni vizuri wala vibaya. Bi Mkasi aliisoma, akaniangalia juu ya miwani, akaipeleka kuchapwa bila kugusa hata nukta. Nilijiona nimefika.

Kesho yake mke wa Mzee Chaki akaja ofisini, gazeti limekunjwa mkononi. Nilidhani amekuja kunigombeza. Akaketi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina uhakika na nilichoandika kuhusu kushoto. Nikasema nina uhakika. Akaanza kulia. Akasema mumewe siku hizi akila anamaliza chakula cha upande mmoja wa sahani na kuinuka akisema ameshiba. Akinyoa ndevu, shavu moja hubaki nazo. Bega lake la kushoto lina michubuko ya mlango. Alikuwa anadhani ni uzee, na hizi picha watu walivyozisifia ndiyo akajisemea kumbe ni ufundi.

Walikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Ni uvimbe, dada. Ulikuwa kichwani mwake ukikua taratibu, ukila upande mmoja wa dunia yake, na yeye hana habari. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangempoteza.

Basi nikawa shujaa. Pale gazetini walinipongeza, mke wa mzee aliniita mwanangu, na Bi Mkasi alinipa chai kwa mkono wake mwenyewe. Mimi sikujua niweke wapi uso. Nilikuwa sijagundua ugonjwa wowote. Nilikuwa nimekatazwa kusifia, basi.

Alipasuliwa, akapona, akarudi nyumbani. Uhai umebaki ila upande ule haukurudi sawasawa. Daktari amemfundisha kugeuza shingo na kuutafuta. Mwezi uliopita akaniita. Nilimkuta kwenye chumba chake cha kazi, kitambaa cheupe kimezungushwa kichwani, mkewe kasimama mlangoni. Picha ya kinyozi ilikuwa imerudishwa toka ukumbini, imeegemezwa ukutani. Mzee akaniambia watu wanasema imekatika, naye kila akiitazama anaiona nzima. Akaniomba niigeuze juu chini.

Nikaigeuza. Ule utupu ukahamia kulia kwake.

Akaikagua kutoka ukingo hadi ukingo. Halafu akauliza, "Nani amefuta?"

Mkewe akamjibu kwamba hakuna aliyefuta, ndivyo alivyoichora mwenyewe. Mzee akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda. Akasogea, akapapasa kitambaa kitupu kwa kiganja kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Kisha akanigeukia. Akasema makala yangu amesomewa yote, amesikia taulo, amesikia chupa, amesikia wembe, lakini kuna kitu hakukisikia.

"Uliipenda?"

Nikamwambia kwamba mimi nilieleza tu nilichokiona.

"Sikukuuliza hilo, kijana."

Nikasema sijui. Akatikisa kichwa, akaomba rangi, akasema basi ngoja ammalizie yule mteja, maana si adabu kumwacha mtu na nusu kichwa.

Dada, sikusema kweli. Siku ile pale kwenye benchi la ukumbi nililia. Mbele ya yule mtu mwenye jicho moja na kile kitambaa kitupu nililia hadi mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Sijawahi kuona picha ikanishika hivyo, na mimi nimezisifia mamia. Sikuliandika hilo kwa sababu nilikatazwa. Sasa nimeambiwa ilichorwa na ugonjwa, na bado naipenda, tena kuliko zote alizochora akiwa mzima. Nitamwambiaje mtu kwamba kilichotaka kumuua ndicho kilichonipendeza? Na nisipomwambia, si ndiyo nimemwibia jibu lake?

Picha ikiwa bado juu chini, alichora jicho la pili, la kawaida kabisa. Likafuata sikio. Alikuwa anakandamiza brashi, na fremu ikawa inacheza ukutani. Mkewe alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nikapiga magoti nikaishika ile fremu kwa mikono miwili isitikisike, nikaishika hadi alipomaliza.

Tangu siku hiyo nikikaa kuandika, kalamu haiendi. Nikieleza naona nimeficha, nikisifu naona natapeli. Wewe ulinifundisha kusoma. Niambie unavyoona, hata kama ni kwa mistari miwili.

Msalimie shemeji, na uwakumbatie wanangu kwa niaba yangu. Usipande ngazi na hilo goti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mzee wa Sifa