Nakala Iliyotangulia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo kituo kizima cha umeme cha Upper Hill kimeingia ndani ya kompyuta moja hapa ofisini Hurlingham. Nakala yake, yaani. Zile rilei za chuma zilizokuwa zimejaa ukuta, za kuzima laini ikipata hitilafu — sasa ni programu tu. Na programu zenyewe ni huria, mtu yeyote anaweza kuzifungua akasoma ndani. Injinia Jamleck, bosi wetu, anazunguka na kikombe cha chai akiwaambia watu hatutamnyenyekea mzungu yeyote tena atuuzie rilei.

Kule kituoni programu hizi zinaendesha stima ya kweli tangu Agosti. Hii yangu ni ya majaribio. Haina waya wa kwenda popote, haina intaneti. Nimeikata mwenyewe. Kazi yangu ni kuivuruga nione itajitetea vipi.

Muigai alipita kuchukua funguo. Ndiye fundi wetu kituoni, ana watoto wakubwa, na huniita Injinia hata ninapomkataza. Nikamweleza kwamba kwa Kiswahili cha vitabuni hizi ni mashine pepe. Akasikia mashine pepo. Akauliza kama tumeziombea. Tulicheka sana.

Jioni, nikifunga mkoba, laini ya nne ikajizima kwenye nakala. Sikuwa nimegusa kitu. Nikaiwasha, nikaenda nyumbani.

Jumanne, 4 Novemba

Stima zimepotea kwetu, Kileleshwa yote. Lifti imekufa, nimepanda ngazi na viatu mkononi. Nimempigia Muigai — anasema mti umeangukia nyaya, laini ya nne imejizima.

Laini ya nne.

Basi. Ni msimu wa mvua, miti huanguka.

Ijumaa, 7 Novemba

Jana nakala ilipiga kengele kwamba transfoma ya pili inapata joto. Nikaandika: hitilafu ya programu. Leo Muigai ameniambia transfoma ya pili imepata joto, feni moja imekwama.

Nikamweleza yote. Nilitarajia acheke, hakucheka. Alisema zamani rilei zilikuwa zikigonga siku nzima, tik, tik, ukajua nani anafanya nini, kama nyumba yenye watoto. Tangu zing'olewe, chumba kimekuwa kama nyumba ambayo watu wamo lakini wamebana pumzi. Siku hizi hakai akizipa seva mgongo.

Nimeshinda nikisoma programu. Huo ndio uzuri wa kitu huria, hakina pa kujificha. Nimesoma hadi macho yakauma. Hakuna kitu. Saa ya kompyuta iko sawa. Waya hakuna — nimeinama chini ya meza na tochi, kama mwendawazimu.

Jamleck anasema imesadifu tu. Na nisilitaje jambo hili kwenye ripoti kabla hatujakabidhi kazi.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Dada yangu aliniuliza naumwa wapi. Nikamwambia ni kazi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilikuwa nakula mezani, chapati mkononi. Kwenye skrini laini ya nne ikazimwa — taratibu, kwa utaratibu mzuri, kama mtu wa kweli anavyoizima. Kisha ikawekwa ethi. Nikaacha kula.

Ethi haiwekwi bure. Laini ikiunganishwa na ardhi hivyo, maana yake kuna watu juu yake, wameishika kwa mikono.

Ikakaa hivyo. Halafu swichi ikajiwasha, ethi ikiwa bado ipo. Kuna kufuli ya programu ambayo kazi yake ni moja tu, kukataa jambo hilo. Haikukataa. Kengele zote zikalia, kituo kizima kikazimika. Kisha skrini ikatulia, kila kitu mahali pake, kama hakuna lililotokea.

Nimempigia Muigai. Nikamuuliza kama mambo ya kawaida tu: laini ya nne mnaifanyia kazi lini?

Kesho, akasema. Ni yeye na wenzake wawili.

Jumanne, 11 Novemba

Nimerudi nyumbani mchana. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni.

Asubuhi nilianza na Jamleck. Hakunikaripia hata. Alisema wateja wametangaziwa, laini lazima ishughulikiwe, na kitu kisicho na waya hakiwezi kumdhuru mtu. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Nikapanda boda hadi Upper Hill.

Muigai alikuwa ameshavaa glavu. Laini imezimwa, ethi imewekwa. Nikamwambia mbele ya wenzake niliyoyaona. Wakatazamana.

“Si uliniambia hiyo kitu haina waya?”

“Haina.”

“Sasa inatuona aje?”

Nikamwambia sijui. Kisha akauliza nataka nini. Nikasema avute swichi yenyewe kwa mkono, iachane na stima, ili hata ikiamriwa iwashe isiwe na cha kuwasha. Akasema wamechelewa tayari. Nadhani uso wangu ulitosha. Akachukua mpini wa chuma, akazungusha. Swichi ikatoka kama droo, ikafika nusu. Plagi inayoiletea amri ilibaki ndani, lakini stima haiigusi. Inatosha, akasema, na wakatoka kwenda kwenye nyaya.

Nikabaki peke yangu na mashine. Kwenye meza ya kutolea amri hakuna mtu. Mlango umefungwa. Kwenye skrini: laini ya nne, imezimwa. Nilikuwa nimeanza kuona haya, nikifikiria nitakavyomwomba Muigai msamaha kwa kumpotezea asubuhi.

Swichi ikapiga. Mlio wa mlango wa lori, ndani ya chumba. Nikaona alama yake ikigeuka kutoka kijani ya kuzimwa kuwa nyekundu ya kuwaka. Imejiwasha — juu ya hewa tupu. Na huko nje Muigai ameshika waya kwa mikono miwili.

Aliusikia mlio. Akaja mbio, akasimama mbele ya ile alama nyekundu. Hakuigusa. Akavua glavu, moja, kisha ya pili, akakaa chini ukutani. Wenzake walibaki mlangoni, hawakuingia.

“Mama Wanjugu asijue,” akasema. Huyo ni mkewe.

Nikafungua kumbukumbu za kituo. Hakuna mtu aliyetoa amri. Hakuna programu iliyotoa amri. Kwa mujibu wa mashine, swichi ile haijawaka tena tangu izimwe asubuhi.

Jumatano, 12 Novemba

Jamleck anaamini sasa. Lakini anaamini vingine. Anasema nakala haikuona kitu, nakala ndiyo iliyofanya. Ni programu ileile, ni kama pacha, na nilichokuwa nikikivuruga hapa kimepata njia ya kufika kule. Nikamuuliza njia gani. Akasema hajui, na hataki kujua ilhali ingali inawaka.

Muigai aliandika ujumbe: Injinia tafadhali usiizime. Hiyo ndiyo imeniacha hai.

Sikumjibu. Mbwa wa kunionya au mwizi mwenyewe — nani amewahi kuniambia nitawatofautishaje kama sauti ni moja? Kituoni laini ya nne wameirudisha kwa rilei za zamani. Zile nyingine zote bado ziko chini ya programu. Haziwezi kubadilishwa kwa siku moja.

Jamleck alisimama nyuma ya kiti changu. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikakubali. Nikafuta nakala, na nakala ya nakala. Haikuchukua muda. Jamleck akanigusa bega, akaenda zake.

Sijui nimefuta nini.

Alhamisi, 13 Novemba

Jamleck yuko mkutanoni na wenye kituo, simu yake imezimwa. Mimi niko hapa na kompyuta tupu.

Muigai amepiga sasa hivi. Kikombe cha kauri kinachoshikilia waya kimepasuka kwenye laini ya saba, ile inayopeleka stima hospitalini. Hospitali iko kwa jenereta na jenereta inakohoa. Wamezima laini, wameweka ethi, ngazi iko tayari. Lakini swichi ya laini hiyo ni ya nje, imefungwa kwa bolti kwenye zege, haivutwi kama droo. Alieleza yote hayo kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kupata suluhisho.

“Kwa hivyo nikasema nikuulize kwanza,” akasema. “Nakala inasema nini leo?”

Hakuna aliyemwambia kwamba niliifuta. Alidhani nilinyamaza jana kwa sababu nimekubali.

Nikisema imefutwa, hatapanda, na hatawaruhusu wenzake wapande, na watu wamelala kule hospitalini na mashine vifuani. Nikisema iko shwari —

Nimemwambia angoje nitazame. Simu iko mezani, hajakata. Naandika ili mikono ifanye kitu. Skrini ni nyeusi, najiona mwenyewe ndani yake. Kwenye simu namsikia mtu nyuma ya Muigai akiuliza kama wapande. Naye anamjibu polepole, bila wasiwasi wowote: bado, Injinia anatazama.