Neno la Gasa

Kilelengwani, 9 Oktoba 2023

Kwa mchumba wangu Rosina,

Salamu kutoka kwa mume mzee. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, nalo limezoea kulalamika. Wewe na magongo yako hamjambo?

Watu wanasema mchana unaandika majina katika ofisi ya shirika la uokoaji, jioni unawakusanya walemavu wenzako, wanawake peke yao, kuligombeza shirika hilohilo. Mke gani huyu, apike mchana, jioni atie mchanga sufuriani? Kazi hiyo umeitafuta miaka sita. Tulia nayo.

Bishara, jirani yetu wa Kiorma, yule mfuma mikeka asiyeweza kusimama, anauliza kama boti yenu itamfikia mlangoni. Nimemwambia boti si bwana harusi.

Babu yako, Gunga

Garsen, 17 Oktoba 2023

Babu, shikamoo.

Mimi sijambo, magongo yamechakaa kuliko mimi. Pole kwa goti.

Mwambie Bishara hilo ndilo tunalodai. Mafuriko yakija, boti husimama kivukoni tu, asiyetembea inamwacha. Tumeandika madai, wanawake kumi na mmoja, sahihi ya kwanza ni yangu. Meneja ameniita akasema mkataba wangu unaisha Desemba, kwa hiyo nichague: kazi au madai. Sikuifuta sahihi.

Watu wa shirika watakuja kwenu kuuliza kama yuko mtu asiyeweza kufika kivukoni. Wewe ni mzee wa Gasa, na neno la baraza lenu wanaliamini kuliko letu. Mtaje Bishara, Babu. Nakuomba.

Mjukuu wako, Rosina

Kilelengwani, 2 Novemba 2023

Mchumba, hujambo?

Huku mvua imeanza, vyura wana mikutano mingi kuliko wewe.

Wageni wa shirika walikuja, Gasa ikakaa, nikapewa kalamu mimi kwa kuwa nilifika darasa la nne. Niliandika: Kilelengwani hakuna asiyeweza kufika kivukoni. Wazee wakaitikia. Usikunje uso. Kama hakuna mtu wa kutetewa, madai yanakufa yenyewe na kazi yako inabaki. Nani alisema wazee hatuna akili?

Bishara nitambeba mwenyewe. Mwembamba kama mkeka wake uliokunjwa.

Babu yako, Gunga

Garsen, 27 Novemba 2023

Babu, shikamoo.

Barabara ilikatika, barua yako ikachelewa. Imenifikia siku ileile niliyosikia kuwa mwili wa Bishara umepatikana kwenye matete. Afya yako sikuulizi. Nimeambiwa ulipanda boti.

Meneja ameniongezea mkataba mwaka mzima. Madai yetu ameyajibu kwa karatasi moja, yenye mwandiko wako.

Jumatatu ijayo shirika lina kikao na wananchi Hola. Nitaisoma mbele ya watu, niseme ni ya babu yangu, na kwamba aliiandika ili nisifukuzwe. Kazi yangu itaishia hapo. Lakini nieleze kwanza: ulimbeba?

Rosina

Kilelengwani, 1 Desemba 2023

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Nilimbeba. Maji yalipofika kifuani goti likakataa. Akasema, "Babu, niweke kwenye dungu la kufukuzia ndege, ukaite boti." Nikampandisha. Hata pale alinitania, akasema nimempa cheo cha kulinda mpunga.

Kivukoni nilimwambia nahodha kuna asiyetembea dunguni, akatazama orodha yake. "Kijiji chenu hakina mtu wa namna hiyo," akasema. "Wazee wenyewe wameandika."

Wazee wenzangu walikuwa wameshakaa botini, wote wananitazama. Unajua kwetu: neno la Gasa likishatoka, mzee mmoja halirudishi. Ningesema tu kwamba niliandika mimi, na nilidanganya. Yule nahodha hakuwa mtu mbaya, angegeuza boti. Nilipanda, nikakaa. Akasema watapita tena kesho. Walipita keshokutwa yake, na dungu halikuwepo.

Gasa imenikataza kuja Hola. Nitakuja. Ukimaliza kusoma ile karatasi, nipe nafasi niisome barua hii kwa mdomo wangu. Usiniite babu mbele ya watu kabla sijamaliza. Nikishamaliza, utaamua wewe.

Gunga