Bega la Mama Mkwe

Mjukuu wangu Kokugonza,

Huku Ijumbi tuko wazima. Babu yako bado anakohoa, lakini jana alishinda shambani akipunguza majani ya migomba. Kahawa imetoa maua.

Unaniuliza kama maziwa yako ni mabaya, maana mtoto anatapika kila anaponyonya. Daktari amekwambia si kosa lako. Mwamini. Mimi sikuwa na wa kuniambia.

Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Nikimlaza tu, maziwa yote yanarudi, analia mpaka sauti inakauka. Kwa aibu nilifua nguo zake kisimani kwa siri, mama mkwe asijue. Siku moja, watu wakiwa kwenye shamba la ujamaa, mama mkwe akanikuta huko. Alimchukua mtoto, akamsimamisha begani, tukarudi nyumbani. Akakaa naye hivyo mlangoni mpaka mtoto akasinzia. Nami nikajilaza ndani, kwenye majani makavu tuliyotandika sakafuni.

Balozi wa nyumba kumi akaja na daftari la mahudhurio.

"Mama, mbona hujafika shambani?"

"Niandike nimefika," akamjibu. "Kazi yenyewe ndiyo hii."

Aliifanya kazi hiyo miezi mitano. Kitenge chake kilinuka maziwa yaliyochacha, na alikivaa hivyo hivyo mpaka kanisani.

Usifue kwa siri, mjukuu wangu. Jumatatu napanda basi kuja kwako. Miguu imechoka, lakini bega ninalo.

Bibi yako