Eda na Mashine ya Makupa

Jumatatu, 8 Machi 1999

Nimeoga kwa sabuni isiyonukia. Nimevaa nyeupe. Nimeketi. Siku ya ishirini na sita ya eda, zimebaki zaidi ya mia. Wanawake watano wamekuja kutoa pole, na simu haikunyamaza. Mavyaa, mamake marehemu mume wangu, huipokea yeye, sebuleni. Tushapoa, aitikia kila pole, na hadithi ya mauti ya Twalib yaanza upya, tangu homa mpaka kaburini. Nikisikia mara ya tatu nataka kupiga ukelele.

Adhuhuri simu ikawa yangu. Bwana Karim, tajiri wangu wa ofisi. Kwanza pole, kwa adabu zake zote. Kisha akaingia kwenye shina la maneno: karatasi za kutolea mizigo bandarini zimelala, hapana mwingine aiwezaye kompyuta ya ofisini, ile mashine ya Makupa, na amepata bwana mmoja wa Nairobi wa kuishika kazi. Miezi minne hawezi kungoja. Nirudi, au niseme neno amwite huyo.

Neno gani? Nina watoto wawili na baba yao yuko chini ya mchanga. Kazi hiyo ndiyo tunayokula.

Jumanne, 9 Machi

Wako wasemao mjane mwenye dharura ana ruhusa ya kutoka mchana. Najua. Sitaki. Twalib nilimkatalia mengi akiwa hai, na hili la mwisho, eda kamili ndani ya nyumba, nataka kumtimizia. Na kazi naitaka vilevile. Nataka vyote viwili, liwalo na liwe.

Chumbani mna kompyuta yake, aliyokuwa akichapia kadi za harusi. Ina Windows na ina modemu ya kuiunganisha na simu. Ya ofisini ni Unix, kikongwe cha maandishi matupu. Hazifanani kwa lolote. Lakini nilipata kusoma kwamba moja yaweza kuipigia nyingine simu, na ikiitikiwa, skrini ya kule yaonekana huku, na kibodi ya huku yaiamrisha ya kule.

Nimempigia Bwana Karim. Nikamweleza nitaifanya kazi nikiwa chumbani kwangu. Akasema Jumamosi saa mbili asubuhi akifungua mlango akute karatasi za makontena sita kwenye printa, nami niko nyumbani kwangu, kazi ni yangu. La sivyo ampigia bwana wa Nairobi.

Siku nne.

Jumatano, 10 Machi

Mikono yangu kule ni Mzee Chengo, tarishi wetu, Mgiriama akaaye Likoni. Kibodi hajaigusa ila kuipangusa vumbi. Asubuhi nzima nimemsomea amri kwenye simu, herufi moja moja, ili mashine ikubali kuitikia modemu. Nikimwambia herufi ndogo, abonyeza kubwa. Kwa heshima, nadhani. Na kwa ile mashine, kubwa na ndogo ni watu wawili wasiojuana. Tumeanza upya mara nane. Nimemfokea, mtu wa umri wa babangu. Akasema tu, "Pole, Bi Salma. Tuanze tena." Nilipokata simu nililia.

Alasiri modemu zikaitikiana, kwa kelele kama paka wa Ndia Kuu wakigombania vichwa vya samaki. Skrini ya ofisi ikaanza kuja, mstari kwa mstari. Mara ikakatika. Mavyaa ameinua simu sebuleni.

Alhamisi, 11 Machi

Mara saba nimeingia. Mara saba mavyaa ameinua simu. Kila baada ya muda apita kuiangalia kama i hai. Namwambia inatumika. Auliza mbona hapana asemaye. Watu wakipiga wasipokewe, watasema mwanawe kasahauliwa hata arubaini haijafika.

Leo namchukia. Nimeandika, Mungu anisamehe.

Katika dakika tano tano nilizoiba nimegundua balaa jingine. Kitufe cha kufutia hakifuti. Nikikibonyeza huku, kule chaandika vijidude. Nikikosea herufi moja naanza mstari mzima. Kontena moja tu limekamilika. Matano yamebaki na kesho ndiyo mwisho.

Ijumaa, 12 Machi

Baada ya swala ya Ijumaa nimemweleza mavyaa yote. Kazi, Bwana Karim, bwana wa Nairobi. Akavuta kiti akaketi mbele ya simu, akaiwekea mkono juu asiiguse mtu. Wageni watatu wakaja, akawapokea papo hapo kitini.

Saa kumi na nusu nimemaliza. Makontena yote. Majina, uzito, nambari, nimehakiki mara mbili. Ofisi walikuwa wameshafunga, na Mzee Chengo aliacha mashine na printa zikiwaka kama nilivyomwomba. Lililobaki ni kuiamuru printa.

Na mkono wangu, mkono huu huu, ukaandika amri ya kuzima.

Miaka sita, kila jioni, nikimaliza kazi naizima mashine, natia buibui, nenda zangu. Vidole viliona kazi imekwisha, vikafanya vilivyozoea. Nimeyaona maneno yakipita, yafunga hiki, yafunga kile. Kisha kimya. Mashine imelala Makupa nyuma ya kufuli, na hapana amri ya kutoka huku iwezayo kubonyeza swichi ya kule.

Ukiacha wa Bwana Karim, ufunguo anao Mzee Chengo. Kwake hakuna simu. Nilianguka sakafuni nikijipiga mapaja. Nikainuka nikatwaa buibui. Eda ivunjike, basi, ivunjike.

Mavyaa akanipokonya.

"Keti papo," akasema. "Mama hakai eda ya mwanawe. N'takwenda mimi."

Magoti yamemvimba. Feri hajaivuka miaka. Alilojua ni kwamba Mzee Chengo akaa nyuma ya kinu cha kusagia unga, kama alivyotwambia siku ya matanga. Akatoka.

Magharibi ikaadhiniwa. Niliswali sijui niliswali nini. Isha ikikaribia simu ikalia. Mzee Chengo, yuko ofisini, ahema. Imewaka, asema. Nikamwambia akate aniachie laini. Nikaingia, nikaagiza printa, nikakaa nimefumba macho. Akapiga tena: zatoka, Bi Salma, zote zatoka. Nyuma yake nikamsikia mavyaa auliza kama shida yote ni makaratasi hayo tu.

Jumamosi, 13 Machi

Saa mbili na robo Bwana Karim amepiga. Amezisoma zote, hapana kosa. Hajapata kuona ajabu kama hiyo. Amenishukuru kwa dhati, nami nikaanza kulia kwa furaha, mjinga mimi.

"Lakini Bi Salma," akasema, "ikiwa kazi yafanyika bila mtu kuwapo, yule bwana ataifanya akiwa kwake Nairobi."

Kumbe lililokuwa likimzuia huyo ni kuhama tu. Nikamuuliza, na ahadi? Akasema aliahidi kabla ya kujua. Huyo hana eda, hana watoto wa kuugua. Bwana Karim hakulisema hilo, lakini nililisikia. Amenipa pole tena. Sikumjibu tushapoa.

Mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Jumatano, 17 Machi

Siku ya thelathini na tano. Mvua kidogo asubuhi. Hapana aliyekuja.

Mavyaa hajaweza kusimama vizuri tangu Ijumaa. Nimemkanda magoti kwa mafuta ya nazi. Akaniuliza, nilipokuwa ndani ya ile mashine, nilikuwa naiona ofisi? Nikamwambia siioni, naona maandishi tu.

Akasema yeye aliiona. Meza yangu iko karibu na dirisha. Kikombe changu cha chai kilikuwa juu yake, nusu, kimeota ukungu, tangu siku nilipoitwa kuja kwa Twalib. Hapana aliyekigusa.

Akasema alikiosha, akakianika.

Nikamwambia ahsante, Mama. Nikaendelea na goti la pili.